Robo Mzunguko, Kulia

Nyuma ya nyumba ya kaka yangu palikuwa na ukuta uliotazamana na mlango wa jikoni. Aliupaka chokaa, kisha akachora juu yake, kwa kalamu nene nyeusi, umbo la kila kifaa alichokimiliki. Palikuwa na umbo la nyundo, umbo la koleo, umbo la msumeno wa chuma, na safu ya spana kuanzia namba nane hadi namba ishirini na mbili, zikirefuka moja baada ya nyingine kama watoto waliopangwa kupigwa picha. Kila kifaa kilining'inia juu ya umbo lake. Kikiazimwa, umbo lilibaki wazi, na kaka hakutulia mpaka kirudi.

"Nikitazama pale," alizoea kusema, "najua nani ana changu."

Chini ya ukuta huo, juu ya sakafu ya zege yenye madoa ya oili ambayo shemeji alikwisha kukata tamaa kuyasugua, lilisimama gari. Lilikuwa la kijivu, la milango minne, lenye umri wa miaka thelathini na kitu, na kwa miaka kumi na minne hapakuwa na mtu mwingine aliyelitia mkono. Kaka hakusomea ufundi. Alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kuinama kwenye mashimo ya watu na kuandika tarakimu, hadi alipostaafu. Ufundi aliuokota kwa hasira. Gari lake la kwanza alilipeleka gereji libadilishwe pedi za breki, likarudi na pedi zilezile zilizopigwa msasa na kufutwa vumbi. Wiki hiyohiyo akanunua jeki na spana sita, akaapa kwamba hakuna fundi atakayelala tena chini ya gari lake.

Mafundi wa gereji ya njia panda walimwita Fundi Daftari. Hilo daftari nililiandika mimi, na ndiyo sababu ninaandika na haya.

Mimi ni msahihishaji wa vitabu vya shule. Nina shahada ya lugha, na kwa miaka ishirini na saba nimeketi mezani nikiwinda herufi zilizopotea na nukta zilizozidi, ili mtoto asije akajifunza kosa. Ni kazi inayomfanya mtu ajione mwangalifu kuliko alivyo. Gari la kaka lilikuja na kitabu chake cha ufundi, kinene, chenye michoro, kilichoandikwa kwa lugha ya kigeni ambayo kaka alifundishwa shuleni na kuisahau kwa makusudi. Kila alipotaka kufungua sehemu asiyowahi kuifungua, aliniita Jumamosi. Niliketi kwenye kigoda, kitabu mapajani, nikimwandikia hatua moja moja katika daftari la jalada gumu.

"Fupi, mdogo wangu," alikuwa akinisihi. "Nikiwa chini ya gari sina nafasi ya kusoma insha."

"Nikifupisha sana hutaelewa."

"Wewe fupisha. Kuelewa niachie mimi."

Basi tukajitengenezea lugha yetu. Kwa mfano, alikuwa na spana ya kipimo, ile ndefu yenye tarakimu shingoni. Unaiwekea nguvu unayoitaka, na boliti ikifika kwenye nguvu hiyo, spana hutoa mlio mkavu, tak, kukuambia inatosha. Kaka alisema spana hiyo "inalia". Kwa hiyo daftarini, "themanini, kulia" maana yake ilikuwa: weka themanini, kaza mpaka ilie, acha. Kurasa nzima zilijaa maneno hayo, na mtu baki angedhani anasoma kitabu cha msiba.

Hakuwahi kunifundisha kazi yenyewe, wala sikuwahi kuomba. Nilibaki mtu wa kupokea amri. "Msomi, nipe kumi na nne." Nampa kumi na tatu. "Hii shahada yako ilikuwa ya miaka mingapi?" anauliza akiwa chini ya gari, na sauti yake inatoka kwenye chuma ikiwa na kicheko ndani yake. Nilicheka pia. Leo sina hakika kama kicheko changu kilikuwa cha kweli.

Mwaka uliotangulia haya, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kwanza ilikuwa chai, iliyomwagika kwenye kisahani kabla ya kufika mdomoni. Kisha akaangusha plagi mpya ya injini, kaure yake ikapasuka kwenye zege, naye akasema imeteleza kwa sababu ya grisi, ingawa ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi. Daktari alimwambia ni mishipa ya fahamu na umri, na kwamba atazoea. Kaka hakuzoea. Alianza kushika spana kwa mikono miwili, kama mtu anayepiga makasia, na ukimtazama aliacha kazi hadi utazame pengine.

Ndipo gari likaanza kunywa maji. Kila asubuhi maji ya rejeta yalikuwa yamepungua, na bomba la moshi lilitoa mvuke mweupe hata jua likiwa limechomoza. Kaka alichomoa kijiti cha oili, akakitazama, akanionyesha: oili imekuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

"Gasketi ya kichwa," alisema. Hilo ni lile bamba jembamba linalokaa kati ya kichwa cha injini na mwili wake, likizuia maji, oili na moto visikutane. Likiungua, lazima kichwa chote kifunguliwe. Kwa gari lile hakuwahi kukifungua.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha jikoni begani. Macho yake tayari yalikuwa na ukungu. Alikuwa na mtoto wa jicho katika yote mawili, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya upasuaji.

"Lipeleke njia panda," alisema.

"Nani? Mimi nilipeleke gari hili kwa Tindo?" Tindo ndiye aliyekuwa mkubwa wa ile gereji, aliyepewa jina hilo kwa kuwa kila boliti iliyomshinda aliipiga tindo, ile patasi ya chuma.

"Baba watoto, mimi sikatai gari. Nakataa kupanda gari lililofungwa na mkono usioshika kikombe."

"Kikombe hakina nati."

"Usinichekeshe, nasema kweli. Lifungue, lifunge. Likienda, sitafungua mdomo tena mpaka nife. Lisipoenda, unamwita mnunuzi, na vyuma vyote hivi vinatoka hapa."

"Vyote?"

"Vyote. Na picha zake ukutani."

Kaka alitazama ukuta, kisha akautazama mkono wake, akauweka nyuma ya mgongo. "Haya," alisema.

Tangu hapo nilijua, na nadhani hata shemeji alijua, kwamba ule ulikuwa mtihani wa mkono kuliko wa gari.

Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Sijawahi kuona mtu akifanya kitu kwa heshima kama ile. Alikata kadibodi, akachora juu yake umbo la injini, akatoboa matundu, na kila boliti aliyoitoa aliichomeka kwenye tundu la mahali ilipotoka, ili isije ikachanganyika na nyingine. Alikwangua mabaki ya gasketi kwa kipande cha plastiki, si kwa kisu, kwa kuwa kisu kingeacha mkwaruzo. Alikilaza kichwa kifudifudi juu ya kioo kinene alichokitoa kwenye meza ya sebuleni, akapitisha karatasi ya sigara chini yake kila pembe, kuona kama kimepinda. Hakikupinda. Alinunua boliti mpya kumi, kwa sababu kitabu kilisema za zamani zikishafunguliwa hazirudi kazini. Mkono ulitetemeka wakati wote. Aliusubiri. Ukitulia, alifanya, ukianza, aliacha na kuzungumza habari nyingine.

Tindo alipita Jumamosi ya pili, akaegemea geti.

"Fundi Daftari! Hicho kichwa ukishakitoa, kukirudisha ni habari nyingine. Utakuja kutuomba."

"Siku nikija kukuomba," kaka alijibu bila kugeuka, "ujue nimekufa, na huyo anayeomba ni jini wangu."

Tindo alicheka hadi akashika tumbo. Alikuwa mtu wa mdomo mchafu lakini hakuwa mtu mbaya.

Jumamosi ya tatu ikawa siku ya kukaza. Nilikuwa nimeshamwandikia ukurasa wake, na siku hiyo nilikuja na kazi yangu mwenyewe, rundo la kurasa za kitabu cha darasa la sita zilizotakiwa Jumatatu. Niliketi kwenye kigoda, kalamu nyekundu mkononi. Kaka alilifungua daftari, akaliegemeza juu ya betri, akaanza kukaza boliti kutoka katikati kwenda nje, kama ukurasa ulivyosema. Nilisikia spana: tak. Kimya. Tak. Mara kumi. Kisha akasoma tena, akainama, na milio ikaanza upya, safari hii kwa haraka zaidi.

"Mdogo wangu."

"Naam."

"Mbona inalia hata haijasogea?"

Nilikuwa katikati ya sentensi yenye kitenzi kisichopatana na nomino yake. Sikuinua kichwa. "Kama imelia, imelia," nilisema.

"Basi zimekaa," akasema, na nilisikia furaha katika sauti yake. Akamaliza duru hiyo, akamaliza na ya tatu. Kisha akasimama wima, akajifuta mikono, akaita kuelekea jikoni: "Mama watoto! Zote zimelia!"

Gari liliwaka kwa ufunguo wa kwanza. Moshi ukawa safi. Kwa wiki tatu lilikwenda sokoni na kurudi, lilikwenda msibani na kurudi, na kila asubuhi kaka alifungua rejeta, akatazama, akafunga, akaingia ndani akipiga mluzi. Shemeji alitimiza ahadi yake, hakusema neno. Hata zaidi ya hapo: simu ya hospitali ilipokuja kumwita kwa upasuaji, baada ya miezi saba ya kungoja, nikasema nitawapeleka kwa gari langu, alinikatiza.

"Ya nini? Si tuna gari."

Kaka alikuwa akila. Hakuinua macho kutoka kwenye sahani, lakini nilimwona akiacha kutafuna.

Nilikwenda nao, nikakaa kiti cha nyuma, ili wakati wa kurudi nimshike shemeji akiwa na bandeji. Hospitali iko upande wa pili wa mji, na kabla ya kuifikia kuna mlima mrefu wa lami, wenye malori yanayopanda kwa kujikokota. Tulipofika katikati yake, mshale wa joto ulianza kupanda. Kaka aliuona kabla yangu. Alipunguza mwendo, akafungua hewa ya moto ili kuisaidia injini kupumua, tukatokwa jasho sote watatu. Mshale uliingia kwenye nyekundu. Mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, kidogo kwanza, kisha ukafunika kioo chote cha mbele. Aliegesha kando ya mtaro, akazima, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Saa ngapi?" shemeji aliuliza.

"Saa mbili na nusu," nilisema. Alitakiwa saa tatu.

Magari yalipita. Mengi yalikuwa yamejaa, mengine hayakutaka tu. Tulipopata wa kutubeba na kufika, muuguzi wa mapokezi alituonyesha orodha iliyokwisha kufungwa. Daktari wa macho alikuwa akija siku moja tu katika mwezi, na siku za mbele zilikuwa na watu wake. Nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya miezi mitano. Shemeji alishukuru, akaniomba nimshike mkono kwenye ngazi. Hakumlaumu mumewe, si pale wala baadaye. Nafikiri angemlaumu ingekuwa nafuu kwake.

Aliyelivuta gari ni Tindo. Kaka mwenyewe ndiye aliyemwomba, kwa sauti ya kawaida, na Tindo, ambaye angeweza kumkumbusha habari ya jini, hakumkumbusha. Alilifungua mbele yetu. Alichukua spana fupi, akaishika kwa mkono mmoja, akaanza kufungua boliti za kichwa kama mtu anayefungua kizibo cha chupa. Kazi ile kwa kawaida huhitaji bomba refu la kurefusha mpini wa spana, na kifua kizima. Alisita kwenye ya tatu, akaitazama spana, akamtazama kaka.

"Mzee wangu," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza asimwite Fundi Daftari, "hizi hazikukazwa. Zilishikwa tu."

"Nilizikaza."

"Sawa, ulizikaza. Ila nguvu haikufika." Alimalizia boliti zilizobaki, akakiinua kichwa cha injini, akakipangusa kwa kitambaa; kilikuwa kimepinda, na kati ya tundu la pili na la tatu ufa mwembamba ulionekana kama unywele uliodondoka. "Wala si kosa lako, mzee wangu. Kazi hii inataka mkono wa kijana."

Kaka aliutia mkono wake wa kulia mfukoni. Akauacha humo hadi tulipofika nyumbani.

Nami nilimhurumia. Nilimhurumia kwa siku kumi na moja, kwa huruma safi ya mtu asiyehusika. Nilimweleza mke wangu habari ile kwa masikitiko, nikasema uzee hauna huruma, nikasema kaka alipaswa kujua mipaka yake. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja, akalivuta gari. Vifaa vilichukuliwa na watu mbalimbali, vingine vikanunuliwa, vingine vikaombwa tu, na ukuta ukabaki na maumbo matupu kutoka namba nane hadi ishirini na mbili. Siku ya kumi na moja kaka alinikabidhi daftari.

"Chukua," alisema. "Maneno ni yako."

Nililifungua kesho yake, ofisini, saa ya chakula. Sikuwa natafuta kitu. Lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa uliokuwa na alama ya kidole cha grisi, na nikasoma mwandiko wangu kama nisomavyo miandiko ya watu wengine:

Boliti kumi. Anza katikati, toka nje.
1. Arobaini, kulia.
2. Robo mzunguko, kulia.
3. Robo mzunguko, kulia.

Niliusoma mara ya pili, kisha nikaisukuma sahani pembeni.

Mstari wa kwanza niliuandika kwa lugha yake: weka arobaini, kaza mpaka spana ilie. Mistari miwili iliyofuata niliiandika kwa lugha yangu. Baada ya spana kulia, kitabu kilitaka kila boliti izungushwe tena robo ya mzunguko mzima, kisha robo nyingine, bila kujali mlio wowote. Nguvu yote ya kichwa kile imo katika robo hizo mbili. "Kulia" ya pale ilikuwa upande, mkono wa kulia. Kitabu chenyewe hakikutaja upande. Niliuongeza mimi, kwa uangalifu wangu, ili asikosee.

Naye alisoma kama tulivyozoeana: zungusha, ikifika robo, au kabla, spana italia, acha. Spana ilikuwa bado kwenye arobaini, na boliti zilikwishafika arobaini. Kwa hiyo ililia mara tu alipoigusa, boliti kumi, duru mbili, mara ishirini. Na yeye, kwa kuwa alikuwa fundi mzuri kuliko nilivyompa sifa, alihisi kuna kitu hakiko sawa, akauliza. Akaniuliza mimi, na nikamjibu.

Mkono wake ulifanya kila kitu ulichoambiwa na karatasi.

Ningeondoka ofisini saa ileile, haya ningeyaandika kwa namna nyingine. Sikuondoka. Nililifunga daftari, nikamaliza sura ya nne ya kitabu cha darasa la sita, nikakaa na jambo hilo kwa wiki tano. Nilijiambia lazima kwanza nihakikishe, nikakisoma kitabu cha ufundi mara tatu. Nilijiambia gari limeshauzwa na neno langu halitalirudisha. Nilijiambia shemeji amepata alichokitaka, na mkono kweli unatetemeka, na siku ingefika tu. Sababu hizi zote zilikuwa na ukweli ndani yake. Ila ilikuwepo na nyingine, ambayo nimeikwepa katika rasimu mbili za maandishi haya. Tangu utotoni, kaka ndiye aliyekuwa mtu wa kufaa kitu. Mimi nilikuwa wa kupishwa nisije nikavunja. Sasa shemeji alinipigia simu mimi kuuliza nitawapeleka lini kununua dawa. Kaka alikaa kiti cha abiria, akaniambia nirudi nyuma kidogo, hapo, basi. Niliyapenda hayo. Sikuyapenda sana, lakini yalitosha kuninyamazisha wiki tano.

Nilikwenda Jumamosi. Kaka alikuwa amekwisha kuupaka ukuta rangi mwenyewe, na michirizi ya rangi ilikuwa imeteremka hadi kwenye zege kwa sababu ya mkono. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nilichozoea kukaa mimi. Nilibaki nimesimama. Nilimfungulia ukurasa.

"Kaka, hukukosea wewe. Nilikosea mimi."

Alilishika daftari mbali na uso. "Wapi?"

"Hapo. Kulia. Nilimaanisha mkono wa kulia. Wewe ukasoma spana ilie."

Alisoma kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza. Kisha akatabasamu, tabasamu lile la kumpa mtoto aliyekuletea maua aliyoyang'oa kwenye bustani yako.

"Nilisoma mkono wa kulia."

"Hapana. Nilikuwepo. Uliniuliza mbona inalia hata haijasogea."

"Ulikuwepo," alisema, "umeinamia makaratasi yako. Ungesikia nini? Nilizungusha robo, mdogo wangu. Boliti kumi, mara mbili. Mkono ndio haukufika. Tindo mwenyewe aliona."

"Tindo aliona boliti. Hakuliona daftari."

"Ulilijua lini jambo hili?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Wiki tano."

"Unaona sasa?" Alicheka, akalifunga daftari taratibu. "Kitu cha kweli ungekileta mbio, hata viatu usingevaa. Wiki tano umekaa unalitafuta neno la kunifariji, na kwa kuwa wewe ni mtu wa maneno, umelipata. Lakini umefanya vizuri. Asante." Akaita: "Mama watoto! Njoo umsikie shemejio, amenitungia hadithi, nzuri kweli."

Shemeji alitoka akipapasa fremu ya mlango. Nilimweleza tena, kaka akiwa anatikisa kichwa kwa upole. Alinisikiliza hadi mwisho, akarudi jikoni. Lakini nilipoaga alinisindikiza, jambo ambalo macho yake yalikuwa yameshamfanya aliache, na getini akasimama, akinitazama mahali palipokuwa na uso wangu.

"Shemeji. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kila siku ya wiki hizo tano alikuwa akikaa pale anaukunja na kuukunjua huo mkono. Nilimsikia. Sioni, lakini nasikia." Akalishika geti. "Usimrudie tena na hilo neno. Ameshalia, yamekwisha."

Akafunga geti, akalitafuta komeo kwa vidole.

Miezi mitano ilipotimia niliwapeleka hospitali kwa gari langu. Ni jipya kiasi, nami sijui lolote juu yake zaidi ya mahali pa kutia mafuta. Kwa wiki kadhaa lilikuwa na mvumo mahali fulani mbele, na asubuhi ile ulikuwa mkubwa. Ulipungua tukinyooka na kuongezeka kila nilipokata kona. Nilijua anausikia. Miaka yote ile gari la mtu likipita barabarani angesema, "Huyu beringi ya gurudumu inakufa," bila kugeuza shingo. Kwenye kona ya kwanza nilimwona akiinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa. Kwenye kona ya pili hakuinamisha.

"Kaka," nilisema, "huu mvumo wa nini?"

Shemeji, nyuma, aliacha kuchezea mkoba wake.

"Lipeleke kwa fundi," kaka alisema.

"Nakuuliza wewe."

"Lipeleke kwa fundi. Siku hizi wana mashine za kusikiliza."

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akakitafuta kitufe cha mlangoni, akakibonyeza. Kioo kikapanda taratibu hadi juu, na mvumo ukabaki nje.